Mifuko Iliyoshonwa Mdomo

Kwenye nguo, fundi cherehani yule alikuwa moto wa kuotea mbali. Jikoni alikuwa mgeni. Mafuta yakishachemka ndipo anapokumbuka kitunguu. Kitunguu kikija, chumvi hakuna.

Bibi mzaa baba wa mumewe, aliyekaa nao, alikuwa akicheka tu. "Mke mwenzangu," humwambia, maana mjukuu si ni mume wa bibiye? "Mume wetu huyu atakonda, upepo umpeperushe, tubaki wajane wawili."

Wifi mtu hakucheka. "Nitakuja siku usiyonitegemea, na njaa yangu. Nikikuta stoo tupu, Bibi namchukua. Kwangu kuna chakula."

Fundi akasimamisha cherehani. Huyo bibi ndiye mwenzake mchana kutwa kando ya cherehani, akimkunjia nguo na kumpigia soga. Bila yeye, nyumba ingekuwa gofu.

Basi akaliendea soko kama mwenye ugomvi nalo. Akarudi na mchele, unga, choroko, maharage, njugu, sukari, chumvi. Akashona mifuko ya vitambaa vilivyobaki, yote maua mekundu, akaijaza, ikajipanga rafuni kama wapambe wa harusi. Halafu, ili mdudu asipate hata tundu la kuchungulia, akafanya alijualo: kila mdomo wa mfuko akaupitisha kwenye cherehani, mshono juu ya mshono.

"Hapa fukusi atarudi kwao analia!" akajisifu.

Kesho yake wifi huyo mlangoni, hata hodi hakupiga. "Njaa ninayo!"

Fundi akafungua stoo kwa madaha.

"Maua hayo!" Bibi akasema. "Na mchele ni upi?"

"Ni huu. Au ule pale."

"Na unafunguliwa wapi, mke mwenzangu?"

Fundi akavuta mfuko. Wapi! Miaka yote ametamba kwamba mshono wake haufumuki, na leo haukufumuka.

Bibi akaketi chini, miguu kainyoosha, mbavu hana. Wifi alijikaza, midomo ikimcheza, mwisho akapasuka. "Wifi yangu, umekishona chakula! Bado kukipiga pasi!"

"Chekeni," Fundi akasema, machozi yakimlenga, "lakini Bibi hatoki humu kabla sijabandika sufuria." Akawagawia nyembe.

Wakafumua wote watatu. Mfuko wa kwanza, chumvi. Wa pili, chumvi tena.

"Unataka kutukausha kama samaki?" Bibi akauliza.

Wa tatu wifi aliupasua kwa pupa, mchele ukammwagikia mapajani, naye akapiga kelele kama aliyeokota dhahabu. Choroko zikafuata. Mwenye njaa hana subira: wifi mwenyewe akajifunga kibwebwe, akakatakata vitunguu, akachochea moto, huku Fundi akikoroga na Bibi akionja kila dakika eti chumvi haijakolea.

Walikula mpaka sufuria ikalia kwa kukwanguliwa. Wifi akaramba kidole cha mwisho, akakumbuka kilichomleta. "Bibi, tunaondoka?"

"Niende wapi? Mifuko chungu nzima haijafunguliwa, sijui hata ndani mna nini!"

Wifi akaenda zake peke yake, kashika kimfuko cha maua alichopewa na Fundi, akikitikisa sikioni njia nzima.