Mgeni Rasmi Kutoka Angani

Kadi za sherehe ya Uhuru wa Tanganyika mjini Minneapolis zilisema shughuli itaanza saa sita kamili mchana. Ilipofika saa sita kamili mchana, ukumbini alikuwamo mtu mmoja tu aliyekuja kwa kadi, naye alikuwa Mmarekani.

Jina lake Ardis Nygaard, mama wa miaka sitini na ushei, nywele fupi nyeupe, miguuni mabuti mazito ya theluji. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi yake kufunzwa uanaanga na kurushwa angani, na alikuwa amekwenda huko mara mbili na kurudi salama. Sasa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa chini ya kanisa, mtaa wa Cedar-Riverside, anatazamana na maua ya plastiki, akiwasubiri watu ambao nusu yao walikaa kwenye maghorofa ya ng'ambo ya barabara na walikuwa bado hawajaamua wavae tai gani.

Ikupa alimwona kupitia kidirisha cha kupakulia chakula, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa jikoni, amevaa aproni, machozi ya vitunguu yakimchuruzika, na hapo jikoni si mahali alipopaswa kuwa. Mgeni huyo alikuwa wake. Ni yeye aliyemwandikia mwaka mzima, barua baada ya barua, mpaka mama wa watu akajibu kwamba sawa, atakuja, ila aonyeshwe hilo bawa la ndege ambalo Ikupa alidai analichora.

Maana Ikupa alikuwa akisomea uhandisi wa ndege, mwaka wa tatu. Ada alilipiwa na kaka yake, Lusajo, na kaka mtu alikuwa amechoka. Lusajo alikuwa mhasibu katika ofisi moja huko Eagan na mwenyekiti wa umoja wa Watanzania, mtu ambaye akishikishwa kipaza sauti hukiachia kwa kunyang'anywa. Wiki mbili kabla ya sherehe alimwita mdogo wake sebuleni, akazima televisheni, akatoa hukumu.

"Mdogo wangu, mchezo basi. Jumatatu baada ya Uhuru wanasajili masomo. Utajiandikisha uhasibu. Hizo ndege zako utamrushia nani Tukuyu? Utarusha tiara?"

"Kaka, nimebakiza mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja wa kupoteza ni mwaka bado."

Ikupa aliishia hapo. Ndivyo alivyokuwa: moyoni alikuwa na ulimi wa upupu, humwona kila mtu mpumbavu na kumchambua mpaka mfupani, lakini mdomoni mwake hutoka "sawa kaka" tu. Alisema sawa kaka, akaenda chumbani kumcheka Lusajo na lile tumbo lake, akajiona ameshinda. Alikuwa na siri yake: akija mwanaanga, atamuuliza swali moja tu, niendelee au nisiendelee, na atakalosema mwanaanga hata Lusajo atashindwa kulipinga.

Sasa tazama mambo ya Lusajo. Siku aliyosikia kwamba mwanaanga mwenyewe, wa kweli, amekubali kuja, yule aliyekuwa akiziita ndege upuuzi alinunua suti mpya. Barua za Ikupa zikageuka kuwa "juhudi za ofisi ya mwenyekiti." Ikaundwa kamati ya mapokezi, kamati ya itifaki na kamati ya ukumbi, zote za wanaume. Kina dada wakapewa kamati ya chakula. Ikupa aliahidiwa kiti karibu na mgeni, halafu asubuhi ya siku yenyewe akaambiwa mpishi wa pilau kapata udhuru, hebu asaidie kidogo tu, mara moja. Akasema sawa kaka.

Ilikaribia saa nane ndipo watu walipotimia. Mshereheshaji alikuwa Wanjohi, Mkenya aliyekodiwa kwa sababu ana sauti nene na koti la kung'aa.

"Watu wangu, please tu-settle! Tuko na programme refu, na mgeni wetu ni mtu wa kuheshimu time!"

Mgeni huyo wa kuheshimu muda alikuwa amekaa hapo tangu saa sita. Tena alikuwa ameshawaambia, kwa upole kabisa, kwamba itambidi aondoke kabla giza halijaingia, kwa kuwa macho yake hayaiamini tena barafu ya barabarani usiku. Kamati ya itifaki ilicheka sana. Mtu kaizunguka dunia, leo anaogopa kuendesha gari mpaka Saint Paul, mji wa jirani tu! Walidhani ni mzaha, wakaiacha ratiba ilivyo.

Ikasomwa sala ya Kikristo, ikafuata dua ya Kiislamu, na kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa ndefu, ya pili haikukubali kushindwa. Kisha utambulisho. Alitambulishwa mwenyekiti, akatambulishwa makamu, mweka hazina, msaidizi wa mweka hazina, wazee, walezi, wajumbe wa Fridley, wajumbe wa Eagan, wageni kutoka Iowa ambao hawakuwa wamealikwa. Kila mmoja alisimama akapunga mkono kama mgombea ubunge, na kila mmoja alipigiwa makofi kwa kazi kubwa ya kuwa na jina. Mwanaanga akawa anapiga makofi naye, mwanzoni kwa nguvu.

"Bro wako ameamua ku-finish huyu mama leo," alisema Wambui, rafiki wa Ikupa wa chuoni, akigeuza sambusa kwenye mafuta. "Si uende tu uka-sit naye? Ni wewe ulimwita."

"Nikitoka, pilau itaungua."

"Wacha iungue basi."

Ikupa alifyonza, akaendelea kukatakata vitunguu. Aliwadharau wote waliokuwa mle ukumbini, mmoja mmoja kwa jina, na aliwakatia vitunguu vyembamba, vizuri, jinsi wanavyovipenda.

Ndipo Lusajo aliposimama kusoma wasifu wa mgeni rasmi. Mahali pengine wasifu ni maneno machache ya kumfungulia mtu njia aseme mwenyewe. Lusajo yeye alikuwa ameandika kitabu. Alimsomea mwanaanga maisha ya mwanaanga, tangu kuzaliwa, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kiingereza baadaye, na alisoma polepole, akitua kila penye sifa ili apigiwe makofi yeye.

Alisoma kwamba Ardis alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa Minnesota. Kwamba baba yake alimkataza kugusa ndege, akisema mtoto wa kike atarusha nini, lakini binti huyu shujaa hakumsikiliza, akajifunza kwa ndege ya jirani ya kunyunyizia dawa mashambani. "Angemsikiliza baba yake," Lusajo alinguruma, "leo dunia ingepoteza nyota!" Ukumbi mzima ulisimama. Wazee waliowakataza binti zao hata kuendesha baiskeli walipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kule jikoni Ikupa alikuwa ameacha kisu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Kwa hiyo Lusajo anajua! Anajua kabisa, kisha anakuja kulisema mbele za watu kama pambo. Alimtukana matusi yote anayoyajua ya Kinyakyusa na ya Kiswahili, yote moyoni.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa, akaingia mgeni rasmi.

"Naomba maji ya kunywa," alisema Ardis kwa Kiingereza. "Na mnijulishe Ikupa yuko wapi. Nimeuliza mara tatu kule mezani, naambiwa yuko kwenye kamati."

"Ni mimi."

Ardis alimtazama, akaitazama aproni, akanywa maji yake yote kwanza. Ukumbini Lusajo aliendelea kunguruma. Alikuwa ameinamia karatasi zake na hakuona kwamba kiti cha mtu anayemsifu kiko kitupu. Walioona walidhani mama wa watu kaenda msalani, wakaendelea kupiga makofi.

"Anasema nini sasa?" Ardis aliuliza.

Ikupa alisikiliza, aibu ikamshika. "Anasema ulikanyaga mwezi."

"Sikuusogelea hata kidogo." Ardis alicheka kidogo, cheko kavu. "Na hatasema kwamba kabla sijarushwa hata mara moja wakubwa wa kazi walinikalisha meza kama hiyo miaka kumi na moja. Vijana niliowafundisha kazi walirushwa, mimi napelekwa kwenye karamu kusifiwa. Nilisifiwa Chicago, nilisifiwa Dallas. Siku nilipokataa karamu moja ya seneta nikabaki kwenye mashine za mazoezi, walinuna wiki nzima. Nikajua nimeanza kazi. Haya, hilo bawa liko wapi?"

"Kwenye begi."

"Na begi?"

"Chini ya vitunguu."

Wambui aliondoa gunia bila kuambiwa. Michoro ilitoka imejikunja pembeni na inanukia kitunguu. Ardis aliitandaza juu ya friji ya kulala, akavaa miwani, akaikagua kwa muda ambao kwa Ikupa ulikuwa mrefu kuliko wasifu wote. Halafu aliweka kidole mahali bawa linapoungana na kiwiliwili.

"Hapa patapasuka. Umeweka uzito wote kwenye kiungo kimoja. Lirudie."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Ikupa jambo zuri kiasi hicho. Basi akaona wakati ndio huu, akalitoa swali lake alilolitunza. Alimweleza habari za kaka, za ada, za uhasibu, za Jumatatu. Akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo, mama, niendelee au nisiendelee?"

Ardis alivua miwani. Uso wake ulibadilika, na Ikupa akaona kitu ambacho yeye alizoea kuwaonea wengine. Ilikuwa dharau.

"Nilidhani umeniita unionyeshe kazi," alisema. "Kumbe umeniita nikuombee ruhusa. Kuhusu bawa nimekujibu. Hilo lingine usiniulize mimi. Ukishindwa kumwambia yule mwenye karatasi, utashindwa na wengine, na wako wengi, na wana suti nzuri kuliko yake."

"Ni kaka yangu. Ndiye anayenilipia."

"Nimesikia."

Alichukua sambusa mbili, akazifunga kwenye karatasi, akamshukuru Wambui, akauliza mlango wa nyuma uko wapi. Nje mwanga ulikuwa umeanza kufifia. Walimsikia akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, kisha gari likaondoka taratibu.

Ilimuuma Ikupa. Ilimuuma kuliko maneno yote ya Lusajo, kwa sababu ya Lusajo angeyacheka chumbani, na haya hayakuwa na pa kuchekea.

"...na sasa," sauti ya Lusajo ilipaa, "kwa heshima na taadhima, namkaribisha mgeni wetu rasmi!"

Makofi. Vigelegele. Lusajo aligeuka na tabasamu lake lote, akakikuta kiti kitupu. Alikitazama kiti, akatazama chini ya meza, Mungu wangu, kama vile mwanaanga anaweza kuwa amedondoka. Kisha akaja jikoni mbio mbio.

"Mgeni yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka? Umemwambia nini wewe?"

Lakini Lusajo si mtu wa kufa bila tai shingoni. Hakungoja jibu. Alivuta koti lake likakaa sawa, akarudi ukumbini, akakishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mgeni wetu ameitwa ghafla na serikali ya Marekani kwa shughuli nyeti za anga za juu. Ametuomba radhi, na amesema hajapata kuona mapokezi kama haya."

Wakapiga makofi! Wengine walitikisa vichwa kwa fahari, kwamba wamekaa chumba kimoja na mtu wa shughuli nyeti. Ikupa alisimama mlangoni mwa jikoni akiwatazama, na kwa mara ya kwanza hakusikia raha yoyote ya kuwadharau. Alitembea na aproni yake katikati ya ukumbi mpaka mbele, akachukua kipaza sauti mkononi mwa kaka yake. Lusajo alishangaa mno hata akakiachia.

"Hajaitwa na mtu," Ikupa alisema. "Amekaa hapa tangu saa sita, hamkumpa nafasi ya kusema hata neno moja. Amechoka, amekwenda zake. Na mwezini hakufika."

"Ikupa," Lusajo alisema kwa sauti ya chini. "Tutaongea nyumbani."

"Tuongee hapa hapa, kaka." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Umesoma kwamba baba yake alimkataza, naye akakataa kukatazwa, na ninyi wote mmesimama mkapiga makofi. Kaka yangu amenikataza ndege. Anataka niwe mhasibu. Jumatatu nasajili uhandisi wa ndege, akilipa asipolipa. Haya, nipigieni na mimi."

Hakupiga mtu. Wazee walitazama soli za viatu vyao. Mweka hazina aligundua uchafu kwenye miwani yake. Lusajo alikuwa amefumba mdomo, jambo ambalo umoja ule haukuwahi kulishuhudia tangu uundwe.

Wanjohi, ambaye kazi yake ni kuziba mapengo, alisogea akakohoa.

"Aah, asante sana kwa hayo maoni ya sister yetu. Sasa, sister, watu wako hungry. Chakula iko ready?"

Ukumbi wote uliinua macho kwa matumaini.

"Kiko jikoni," Ikupa alisema, akafungua kamba za aproni. "Nendeni mkajipakulie."