Mlango wa Bi Mkubwa

Basi la shule liliegeshwa mbele ya nyumba ya watoto yatima asubuhi ya Jumamosi, na wanabendi wakateremka wakiwa wamechomekea mashati, kwa kuwa Mwalimu wa bendi alikuwa ametangaza njiani kwamba shati lililochomoka ni aibu kwa shule, kwa wazazi na kwa muziki wenyewe. Ndoo za rangi zilishushwa kwanza. Zikafuata tarumbeta na ngoma ndogo. Mwisho kabisa, kwa uangalifu wa watu wanaomshusha mgonjwa, akashushwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa ngoma kubwa ya shule. Alikuwa mpana kama meza ya walimu lakini mwembamba ubavuni, na mbao zake zilipakwa vanishi kila muhula na mkuu wa shule kwa mikono yake mwenyewe. Mpigaji wake aliitwa Radi, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa amebakiwa na onyo moja tu kabla ya kufukuzwa. Maonyo mengine yalikwisha kutumika: moja kwa mbuzi aliyekutwa maktaba akisoma, au angalau akiwa amefunguliwa kitabu, na jingine kwa kiti cha mkuu kilichoamkia juu ya paa.

Mwalimu akamshika Radi bega.

"Ukimkwaruza huyu bibi, usipande basi. Tembea mpaka kwenu."

"Sawa, Mwalimu."

"Na usifanye jambo lolote la akili."

"Sijawahi kushtakiwa kwa hilo, Mwalimu."

Ratiba ilikuwa rahisi: kupiga muziki uani, kupaka rangi vyumba, kutalii mji, kurudi kuaga. Muziki ulikwenda vizuri isipokuwa wimbo wa tatu. Watoto wadogo walikaa chini wakapiga makofi. Wakubwa walisikilizia madirishani, wameshika nondo. Radi alidhani wameadhibiwa, maana shuleni kwao anayetazama burudani kupitia nondo huwa ameadhibiwa.

Walipoingia ndani kupaka rangi ndipo walipoona kwamba ukumbi ulikuwa wa kupita ubavuubavu. Pipa, mpiga tarumbeta ambaye jina lake halikuhitaji maelezo, aliingia nusu, akarudi kinyumenyume, akapewa kazi ya kukoroga rangi uani. Mama Mlezi, mwenye nyumba, alitangulia kiubavu kwa wepesi wa mtu aliyezoea, huku akieleza. Rangi ya nyumba ile ilikuwa na tabia ya kunenepa. Ikishapakwa inakaa sawa, lakini ikianza kukauka inavimba upana wa kidole, na hairudi tena. Kila kundi lililokuja kujitolea lilikuwa limeacha kidole chake kwenye kila ukuta. Vyumba vya vitanda sita sasa vilibeba viwili, na vile vya viwili watoto walilala kwa zamu.

Mwalimu akagonga ukuta. "Rangi madhubuti hii. Haitabanduka."

"Haibanduki," Mama Mlezi akakubali.

Radi alibaki nyuma akimsukuma Bi Mkubwa kwa upande wake mwembamba, kwa sababu alikuwa ameapa kutomwacha peke yake.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "si mngesema tu kwamba rangi imetosha?"

"Unga huja na rangi, mwanangu. Sabuni huja na rangi. Tukisema hatuhitaji rangi, wataona hatuhitaji chochote."

"Basi tupake nje."

"Nje kuna majina ya wafadhili. Pale hapaguswi hata na mvua, ikibidi."

Chumba alichopangiwa Radi kilikuwa cha mwisho ila kimoja. Ndani alikuwemo msichana wa rika lake, akikunja gauni lililopigwa pasi. Walimwita Kipimo, kwa kuwa alikuwa mrefu na mpana wa mabega kuliko wenzake, na kila rangi ilipokauka yeye ndiye aliyejaribu milango kwanza. Alipopita yeye, wote walijua wamepona.

"Karibu, kaka. Angalia kichwa, dari nayo inashuka."

"Ahsante, dada. Unasafiri?"

"Shangazi anakuja kunichukua kesho. Amenitafuta tangu nikiwa mdogo, ndiyo kwanza kanipata."

"Hongera! Mbona uso kama wa mtihani?"

Kipimo akasimama, akaenda mlangoni, akageuka ubavu, akatoa pumzi zote mpaka macho yakamtoka. Bega moja likapita. Lingine likagoma. Akarudi kitandani na kuendelea kukunja gauni.

"Wiki iliyopita ilikuja kwaya," akasema.

"Kwaya nayo hupaka rangi?"

"Kila mtu hupaka rangi."

Dirisha lilikuwa na nondo. Fundi wa kutindua ukuta alikuwepo mtaa wa pili, lakini ukuta uliopakwa na wafadhili haukuguswa bila kibali cha ofisi, na kibali kilikuwa njiani. Kilikuwa njiani tangu enzi za Kaka Mkubwa.

"Kaka Mkubwa ni nani?"

"Mimi," ikajibu sauti nzito kutoka chumba cha ndani kabisa, nyuma ya ufa uliokuwa zamani mlango. Kaka Mkubwa alikuwa amekuja pale mtoto, na sasa alikuwa na ndevu. Mjomba wake alifika kumchukua siku moja baada ya shule fulani kupaka rangi ya kijani. Mjomba alikaa nje ya dirisha, akanywa chai, wakaongea mpaka jua likazama, kisha akaenda zake. Mpaka leo humtumia nyembe za kunyolea.

"Mlipotea kidogo kwenye wimbo wa tatu," sauti ikaongeza. "Lakini ngoma ilikuwa sawa."

"Ahsante, kaka," Radi akasema.

Kipimo alikuwa amemkaribia Bi Mkubwa. Akatandaza kiganja na kuupima ubavu wake kwa shibiri, kisha akaupima mlango, kisha akacheka bila furaha. "Huyu bibi yako ananishinda. Yeye anapita."

Ni kweli. Bi Mkubwa alipita, tena bila kugusa. Radi alimtazama, akautazama mlango, akaitazama ndoo ya rangi, akalikumbuka lile onyo lake la mwisho.

Akamsukuma Bi Mkubwa mpaka ndani, akamwegemeza ukutani nyuma ya kitanda na kumfunika shuka.

"Kaka, atanasa humo."

"Ndiyo."

"Watakufukuza shule."

"Wewe hujaona shule yetu inavyoipenda ngoma hii. Mwaka jana alipata mkwaruzo, tukasimama dakika moja kimya."

Kisha akachovya brashi. Hakuwa amewahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Aliipaka fremu ya mlango kulia, kushoto na juu, akarudia, akarudia tena, rangi ikawa nzito kama uji wa kiporo. Mwalimu alipita ukumbini kiubavu, akamwona, akavutwa na ile bidii, akampiga picha ili mkuu aone kwamba malezi yanafanya kazi.

Mchana waliacha vyombo vya muziki wakaenda kutalii. Walipelekwa mnara wa saa, na mwongoza watalii akaeleza saa ile ilitengenezwa vipi, lakini Radi alisikia tu inavyokwenda. Wakavuka daraja, wakaambiwa watazame mto. Radi alitazama viganja vyake, ambako rangi ilikuwa inakauka na kuvimba, vidole vikimnenepea polepole. Sasa hivi na mlango unafanya hivihivi, akawaza.

Katika jumba la makumbusho palikuwa na mifupa ya tembo mzima. Wenzake walitazama tembo. Radi alitazama mlango. Ulikuwa mpana kiasi kwamba tembo yule aliingizwa bila kubomoa hata tofali moja.

"Mbona unatoka jasho?" Pipa akamuuliza. "Unamwogopa? Kashakufa, bwana."

"Pipa, mkuu akiambiwa kitu fulani kimenasa, atasema nini?"

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Inategemea. Kama ni wewe, atasema mwacheni."

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Hakuwa ameufikiria upande huo. Mkuu angeweza kuamka na moyo wa ukarimu, akasema iacheni ngoma iwe zawadi kwa watoto. Watu wazima hupatwa na ukarimu wakati usiofaa. Na kama angesema hivyo, basi rangi nene kuliko zote zilizowahi kupakwa katika nyumba ile ingekuwa imepakwa na Radi, kwenye mlango wa Kipimo, usiku mmoja kabla ya shangazi. Kutoka pale mpaka basini hakuongea tena, na wanaomjua walianza kuhesabu mbuzi wa mtaa ule.

Waliporudi, jua lilikuwa limelegea. Mwalimu alikagua vyombo, akakagua tena, kisha akauliza swali ambalo Radi alikuwa amelisikia kichwani mchana kutwa.

"Bi Mkubwa yuko wapi?"

Wakamkuta. Kupitia mlangoni aliweza kuonekana vizuri sana, amekaa nyuma ya kitanda na shuka lake begani. Mkono wa Mwalimu ulipita mpaka kiwiko. Mwalimu mwenyewe hakupita. Akakaa juu ya ndoo tupu.

"Aliingiaje humu?"

"Nilitaka asipate vumbi, Mwalimu."

Mwalimu akampigia simu mkuu wa shule. Simu haikuwa na kipaza sauti, lakini ukumbi mzima ulisikia. Radi akafumba macho. Kipimo, ndani, akakaa kitandani na kukumbatia mkoba wake.

"Bomoa!" simu ikasema.

Mwalimu akaeleza kwa unyenyekevu habari za ofisi na kibali. Simu ikakatika. Mama Mlezi akamimina chai, na kabla chai haijapoa kibali kikafika, kimepigwa mihuri, kimeletwa na mtu aliyekuja mbio. Nyuma yake alikuja fundi na tindo na nyundo.

"Mnatoa nini?" fundi akauliza.

"Ngoma."

"Ahaa. Nilidhani mtu. Kwa mtu nisingeweza."

Mkuu alikuwa ameagiza kwamba tundu lizidi ngoma kwa shibiri nzima kila upande, vanishi isiguswe. Fundi akatindua. Rangi ilivunjika tabaka kwa tabaka, ya samawati, ya manjano, ya kijani, na kila tabaka lilipovunjika lilitoa sauti zilizosikika lilipokuwa likikauka. Ilitoka kwaya. Zikatoka njuga. Mwalimu alisikiliza kwa sikio la kitaalamu na kusema kwamba wengi walikuwa nje ya ufunguo wa wimbo. Tabaka la kijani lilipopasuka, ikatoka sauti ya mzee mmoja ikisema, "Nitarudi, mjomba, wakishakubomolea," na katika chumba cha ndani mtu akakohoa.

Bi Mkubwa akatoka. Wanabendi walipiga makofi, wengine wakalengwa na machozi, na kiranja wa bendi akamfuta vumbi kwa tai yake. Picha zikapigwa. Nyuma ya Bi Mkubwa akatoka Kipimo na mkoba wake. Yeye hakupigiwa makofi, kwa kuwa wote walikuwa wameinama kukagua vanishi.

Kibali kilisema ngoma itolewe na ukuta urudishwe ulivyokuwa. Fundi akarudishia. Na kwa kuwa rangi ilibaki, na kwa kuwa kiraka kingeharibu sura ya kazi yao, Mwalimu akaamuru papakwe mara mbili. Mle ndani walibaki watoto wawili wa zamu ya jioni. Walikuwa wadogo bado.

Radi akachelewa makusudi, akapenya mpaka kwenye ule ufa wa ndani kabisa. Kwa ndani aliona ndevu na jicho moja.

"Kaka Mkubwa, na wewe?"

"Mlango wangu hauna ngoma, mdogo wangu."

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa." Jicho likafikiri. "Mwakani leteni piano."

Shule haikuwa na piano.

Hukumu ilisomwa ndani ya basi kabla injini haijawaka. Kwa kuwa Bi Mkubwa hakukwaruzwa, Radi hatafukuzwa. Lakini kuanzia saa ile alivuliwa ngoma, na hadi atakapomaliza shule atapiga kile kichuma cha pembe tatu kinachogongwa kwa kijiti. Mwalimu akamkabidhi papo hapo. Kilikuwa kidogo kiasi cha kuning'inia kwenye kidole.

"Angalau hicho hakinasi popote," Pipa akamfariji.

Nje, Kipimo alikuwa ameketi juu ya mkoba wake karibu na geti. Mama Mlezi alimwita ndani kwa chakula cha jioni, akakataa kwa heshima. Alisema atamsubiri shangazi palepale, hata kama shangazi atafika mchana.

Basi la bendi lilipofika getini, lililazimika kusubiri, maana lingine lilikuwa linaingia. Lilikuwa la shule nyingine, limekuja mapema ili lianze kazi kesho asubuhi. Kipimo akainuka kulipisha, akageuka ubavu na kutoa pumzi zote, ingawa uani pale lori lingeweza kugeuza. Ndoo za rangi zilifungwa juu ya paa kwa kamba. Wanafunzi walipungia kwa brashi.

Radi akatoa kichwa dirishani, akajinyoosha mpaka Mwalimu akamshika mkanda, ili aone wamepakata nini. Alitazama dirisha la kwanza, akatazama linalofuata, akaendelea mpaka la nyuma kabisa.

Filimbi. Basi zima lilikuwa la filimbi.