Paneli za Kuonekana

Tii. Tii. Tii. Inveta ya umeme wa jua inalia gizani kwamba betri imeisha, halafu feni ya chumbani kwa Wema inapunguza mwendo mpaka inasimama. Mwanangu anageuka kitandani na kujikuna shingo. Vipele vya joto vimerudi. Nachukua kanga nampepea, na huko nje ukuta wetu wa mbele unawaka kama baa.

Nyumba hii niliichora mimi, kwenye darasa la jioni la ufundi umeme, Wema akiwa bado mgongoni. Madirisha yatazamane ili upepo upite. Paa lichomoze, liukinge ukuta usipate moto. Paneli zilale juu ya bati. Duara la mume wangu Donatus, shimo lake la machimboni, lilipotema dhahabu, akajenga hapa Kalangalala, na sikuamini alivyoifuata ile ramani. Tukafika kwenye paneli.

"Mama Wema, nikizipandisha huko juu nani ataziona? Kunguru?"

Basi fundi Festo akaambiwa azisimamishe ukutani, wima, zitazame barabara kama bango la duka. Barabara iko magharibi. Mchana kutwa zinakaa kivulini, jua zinalipata jioni likishachoka. Nikamwonyesha Donatus mchoro, akasema darasa limenizidi, kisha akaongeza taa za rangi kuzizunguka, ili hata apitaye usiku azione. Taa hizo akataka ziungwe moja kwa moja kwenye betri, zisizimike hata iweje. Kwa hiyo kaumeme kadogo kanakopatikana kanatumika kumulika paneli zilizokaleta. Feni ya mtoto inasubiri zamu yake.

Jumapili baada ya misa wakaja wenzake wa machimboni kuiona nyumba. Nikawapa soda, za moto, maana friji nalo lilikuwa limezima. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamesimama nje wakipiga picha na ukuta.

"Hii sasa ndiyo nyumba," alisema Ngusa, anayechimba naye duara moja. "Mtu akiwa barabarani tu anajua hapa pametema."

Donatus alicheka hadi mabega yakatikisika. Akawaeleza kwamba tatizo dogo lililopo ni betri, siku hizi wanauza mbovu, na kwamba wiki hii anaongeza paneli nyingine kwenye ukuta wa kaskazini, zitazame kanisani. Wote wakaafiki. Mimi nilikuwa na maneno yangu mdomoni, ila sikutaka kumwaibisha baba wa mtoto mbele ya watu wake. Nikampa Donatus mtoto ambebe.

Akambeba. Mkono wake ukagusa vile vipele shingoni. Akaikunjua kola ya mtoto, akaangalia vizuri, kisha akampuliza taratibu.

Wema alizitazama paneli ukutani, zimo kivulini. Akakinga macho kwa kiganja, akainua kichwa.

"Baba, jua liko juu."