Nta ya Mama Natalie

Chepkurui aliikubali kazi kabla hata ya kuuliza ni vyumba vingapi. Sauti ya kwenye simu aliijua. Miaka kumi na miwili iliyopita, akiwa msichana wa kazi kule Subukia, sauti hiyo ndiyo ilimwamuru kila alfajiri apake nta na kusugua ile sakafu nyekundu ya simiti mpaka mwenye nyumba, Mama Natalie, auone uso wake ndani yake. Magoti yalipomvimba, Mama Natalie alimfukuza akimwita mvivu. Jina lake hakuwahi kulitaja. Alimwita "wewe" tu.

Sasa alirudi akiwa fundi wa vigae, mnene, mwenye kofia na ovaroli, anayejulikana kwa wateja kama Mama Kibii. Mama Natalie hakumtambua. Chepkurui alitaka kitu kimoja tu: yule mama apige magoti palepale, kisha amwite kwa jina lake.

"Fundi, bandika tu juu," Mama Natalie alisema. "Wakwe wa Natalie wanaleta mahari Jumamosi. Si simiti ni simiti?"

Chepkurui alidondosha maji sakafuni. Matone yakasimama, kama kwenye jani la nduma.

"Hii imekula nta miaka mingi, madam. Gundi haiwezi kushika. Kabla ya Krismasi tiles zote zitakuwa zimebanduka. Lazima nta itoke."

"Basi itoe."

"Tuliagana mimi nabandika. Kusafisha ni juu yako. Tafuta mtu."

Angeweza kuitoa mwenyewe, na kwa wateja wengine huitoa bila kununa. Lakini leo, hata angebembelezwa na malaika!

Mama Natalie alishika simu. Msichana wake wa kazi alikuwa ametoroka, wa tatu mwaka huo. Aliwapigia majirani, wavunaji kahawa, hata akina mama wa kanisa. Subukia nzima iliujua mdomo wake, na ghafla kila mtu alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Basi akakunja sketi, akapiga magoti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Chepkurui alimsogezea maji moto, sabuni kali na brashi ya waya. Pedi zake za magoti akaziweka dirishani, mahali zinapoonekana vizuri. Kisha akageuza ndoo tupu, akaikalia. Roho yake ilisuuzika mpaka akatamani kuimba.

"Hata kwa kona, madam. Hapo umeruka."

Baada ya saa moja Mama Natalie alishika kiuno, akihema.

"Fundi, si unisaidie kidogo? Ama unipatie hizo pedi."

"Ningekusaidia. Lakini magoti yangu yaliharibikia hapa. Hapo hapo ulipo."

Brashi ilisimama. Mama Natalie aliinua uso wenye jasho, akachungulia chini ya kofia.

"Wewe! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Naitwa nani?"

Mama Natalie aliiweka brashi chini.

"Cheptanui," alibahatisha.

Chepkurui alitikisa kichwa.

"Ama Chesang?"

Furaha yote ilimtoka Chepkurui, na hasira ikachukua nafasi yake. Alizichukua pedi zake dirishani, akazifunga magotini mwake mwenyewe, polepole, huku akitazamwa. Kisha akachovya kidole majini, akadondosha tone moja mbele ya yule mama. Likasimama.

"Nta bado iko, madam," alisema. "Sugua."