Risasi za Boksi la Kahawia

Mwaka ule risasi ziliadimika Johannesburg kama mvua ya Julai. Wenye maduka walichoka kupokea simu. Ukiulizia za bunduki ndogo, zile za kulengea shabaha, unaambiwa mzigo umechelewa, viwanda vya Ulaya vina kazi nyingine, ngoja mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, wimbo ni ule ule.

Jocelyne hakuwa na mwezi wa kungoja. Mchujo wa timu ya jimbo ulikuwa Jumamosi, nafasi nne tu, na mwaka uliopita alikuwa wa tano. Wa tano! Heri uwe wa ishirini, ukaenda zako nyumbani ukapika. Alikuwa fundi cherehani wa Turffontein, mzaliwa wa Uvira, na majoho ya kwaya nyingi za Wakongo wa kusini mwa jiji yalitoka mikononi mwake. Kulenga alijifunza zamani, alipokuwa akifanya kazi ya ulinzi. Alipopata ukazi wa kudumu, na baadaye leseni, baada ya kusubiri kulikomwotesha mvi, akanunua bunduki yake mwenyewe na kuifungia kwenye sefu ukutani, nyuma ya cherehani.

Mama yake, Thérèse, aliyeishi naye, hakuwahi kuitaja bunduki hiyo kwa jina. Aliiita "hiyo kitu". Nani wa kumlaumu? Walikimbia Uvira kwa miguu, risasi zikilia nyuma yao, na mumewe hakufika walikofika wao. Hadi leo pikipiki ikikohoa barabarani, bibi huyu hushika ukuta. Alivumilia kwa muda mrefu, kisha wiki hiyo akatoa neno lake.

"Jumamosi ukikosa tena, Jocelyne, hiyo kitu itoke kwa nyumba. Miye nimechoka kulala nayo."

"Na nikipata, mama?"

"Ukipata, tutaona."

Jocelyne akakubali, maana mama ni mama. Lakini moyo ulimuuma. Wateja walimwona mshonaji, kanisani walimwona Mama Chloé, kwa jina la mwanawe. Ni pale kwenye mkeka tu, kalala kifudifudi, jicho kwenye shabaha na dunia nzima imenyamaza, ndipo alipojiona mwenyewe. Kumnyang'anya hilo kulikuwa kumnyang'anya kitu ambacho hakuna aliyempa.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Alikuwa Ameir, Mzanzibari anayeuza kwenye duka moja la silaha huko kusini.

"Dada Jocelyne, mzigo ushaingia. Fanya hima, watu wana pua hawa."

Joho alilokuwa akilishona lilikuwa na mkono mmoja tu. Akaliacha hivyo hivyo, akachukua leseni na ufunguo wa gari.

Alipofika, foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi karibu na robot, yaani taa za njia panda. Wakulima wenye kofia pana, wastaafu, vijana wa vilabu, kila mmoja kakamata leseni yake kama mtoto na sahani ya pilau. Mlangoni pamebandikwa karatasi: boksi mbili kila mtu, na kilichouzwa hakirudi. Kila aliyetoka alikuwa amekumbatia boksi mbili za kijani. Za Kijerumani hizo, jina lake peke yake huwafanya walengaji wapunguze sauti. Na ni nzuri kweli, haki ya mtu mpe.

Zamu yake ilipofika, Ameir alishamwekea boksi mbili za kijani kwenye kaunta.

"Hizo zako. Weka sahihi, dada, twende."

Jocelyne hakuweka sahihi. Aligeuza boksi la kwanza, akasoma namba iliyogongwa ubavuni, namba inayosema risasi hizi zilitengenezwa mkupuo gani kiwandani. Akageuza la pili. Hazikufanana.

"Kaka Ameir, nitafutie mbili za namba moja."

"Namba? Dada yangu, watu wanagombania hata maboksi matupu, wewe unataka namba?"

"Nitafutie tu."

Na hapa lazima nimseme kidogo. Mwaka uliopita, huyu mwanamke asiyekubali kukata joho moja kwenye majora mawili ya kitambaa, hata rangi zikiwa sawa machoni, kwa kuwa anajua jua la Jumapili litamuumbua mbele ya kanisa, alikwenda kwenye mchujo na boksi mbili za namba mbili. Alilenga vizuri mpaka la kwanza likaisha. Akafungua la pili, risasi zikaanza kutua chini kidogo, kidogo tu, ukubwa wa kucha. Akadhani ni macho yake. Akadhani ni uzee. Alikuja kuziona namba wiki nzima baadaye, alipokuwa akisafisha mkoba, na siku hiyo alilia kwa hasira, si kwa huzuni.

Ameir alipekua rafu huku foleni ikiguna. Za kijani zilizobaki zilikuwa masalia, kila boksi na namba yake. Mzungu mmoja mnene nyuma ya Jocelyne akauliza kwa Kiingereza kama wanauziwa risasi au wanachumbiwa mke.

"Mchagua jembe si mkulima, dada," Ameir akamwambia. "Chukua, wallahi, zitakwisha hizi."

Methali nzuri hiyo, ila aliyeitunga alikuwa akilima mihogo. Jembe halijali limeshikwa na nani. Mtutu wa bunduki una tabia zake: risasi hii unaikubali, ile unaikataa, na haukuelezi kwa nini.

"Na zile pale chini?" Jocelyne akauliza.

Chini kabisa, karibu na sakafu, zilipangwa boksi za kahawia ambazo hakuna aliyezitazama. Ameir akainama, akainuka na mbili, uso umejaa aibu kwa niaba yao.

"Hizi wakulima wanafukuzia panya ghalani. Chema chajiuza, dada, kibaya chajitembeza, na hizi hata kutembea hazijui."

Jocelyne akasoma ubavuni. Namba moja. Akaomba la tatu kwa kulinganisha tu. Namba ile ile. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya za kijani, wa kushoto juu ya za kahawia. Akikosea, Jumamosi jioni sefu itakuwa tupu. Za kijani kila mtu angemsamehe: alinunua zilizo bora, bahati haikuwa yake. Za kahawia wangemcheka mpaka Krismasi.

"Nipe hizi," akasema, akasukuma za kijani pembeni. Mzungu mnene alizidaka kabla hazijasimama.

Alasiri ile ile akaenda uwanja wa shabaha kuzijaribu. Risasi za kwanza zilitawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagikia kuku. Kilichouzwa hakirudi! Akalaza kichwa juu ya mkono, akamwomba Mungu, akajitukana kwa Kifuliiru, lugha ya bibi yake, kisha akaendelea, kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Ndipo akakumbuka kwamba mtutu unaobadilishiwa risasi huhitaji muda wa kuzoea, sawa na mguu na kiatu kipya. Akafyatua polepole, moja, nyingine, nyingine tena. Matundu yakaanza kusogeleana. Mwishowe yakaingiana, tundu moja lenye kingo zilizochanika, dogo kuliko kifungo cha shati.

Akacheka peke yake mpaka aliyekuwa jirani akamgeukia. Akaacha hapo hapo. Zilizobaki zilitosha Jumamosi na chache za akiba, basi.

Jumamosi mama Thérèse akajitokeza mlangoni amevaa kitenge cha kanisani na rozari mkononi.

"Niko nakwenda na weye. Kama hiyo kitu inatoka leo, nataka kuona vile inatoka."

Hakukubali kushuka. Alibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na Jocelyne akamwona akifumba macho hata kabla ya mtu yeyote kufyatua.

Kwenye mkeka wa kushoto kwake alilala yule yule mzungu mnene wa dukani. Akaliona boksi la kahawia, akatabasamu.

"Panya wengi nyumbani?" akauliza.

"Eish, tunao," Jocelyne akajibu. "Lakini leo nimekuja kwa wengine."

Kengele ikalia. Upepo ulikuwa unatoka kulia, mwepesi. Jocelyne alivuta pumzi, akaiachia nusu, akabana kidole. Katikati. Akafyatua tena. Katikati. Boksi la kwanza likaisha, na hapa ndipo alipoangukia mwaka jana. Akafungua la pili. Akafyatua, akachungulia kwenye darubini. Katikati! Angeweza kupiga kelele. Upande wa kushoto mzungu mnene naye alikuwa amefungua boksi jipya la kijani, na sasa alikuwa akiguna, akirekebisha, akiguna tena. Jocelyne hakumcheka. Alimhurumia kweli, maana alilijua guno lile, lakini hakupunguza mwendo.

Alipofyatua ya mwisho na kuinuka, alimkuta mama yake amesimama nyuma ya kamba ya watazamaji. Hakujua ameshuka saa ngapi. Mikono ilikuwa imeshika rozari kwa nguvu, lakini macho yalikuwa wazi.

Mzee msimamizi akasoma majina kwa Kiingereza, akianzia la nne. Si lake. La tatu si lake. La pili si lake, na Jocelyne akaanza kutazama chini, akilitafuta neno la kumwambia mama. Kisha akasikia jina lake, na makofi, na mzungu mnene akimpiga begani akisema sharp, sharp, yaani safi kabisa, huku akilitazama boksi la kahawia kwa jicho jingine kabisa.

"Wanasema nini?" mama Thérèse akauliza.

"Wanasema niko wa kwanza, mama. Niko ndani ya timu."

Bibi huyo akasogea karibu na kamba. Akatazama shabaha kule mbali, akatazama watu waliokuwa wakicheka na kukunja mikeka yao, mmoja mmoja, akiwapitia wote kwa macho.

"Zimelia zote hizo," akasema, "na hakuna mutu amekufa?"

Jocelyne akapangusa uso kwa kiganja. Machozi yalimtangulia.

"Hakuna, mama. Hata mmoja."

"Basi muombe huyo mzee, uipige tena bunduki yako. Miye nilifunga macho mwanzoni."

Msimamizi, alipoelezwa, aliitazama saa yake, akamtazama bibi, akapuliza filimbi kuwarudisha watu nyuma ya mstari. Jocelyne akalala tena kwenye mkeka. Mama yake alisimama nyuma yake bila kushika ukuta, na mlio ulipotoka, alipiga kigelegele kirefu kilichowafanya wakulima wote wavue kofia zao.