Tuma 1 Kuthibitisha

Angempigia mama yake simu asubuhi ile, tusingekuwa na hadithi. Lakini mwandishi wa programu akishaona wekundu kwenye skrini, hana mama wala baba.

Siku hiyo walikuwa wanazindua tovuti ya kuweka miadi ya daktari, na majaribio yalikuwa yanafeli. Jaribio lenyewe lilijifanya mgonjwa: linafungua ukurasa, linajisajili, linachagua daktari, kisha mfumo unatuma ujumbe kwenye simu ya kweli: "Tuma 1 kuthibitisha." Simu hiyo ilikuwa kwa mama yake. Ofisi ilikuwa inabana matumizi, naye akajitolea, "Mama yupo nyumbani, atajibu." Mama alilipokea jukumu kama cheo. Simu ya kazi aliivaa shingoni kwa kamba; akienda jikoni inaenda, akilala iko kifuani. Haikuwa na salio la kupiga. Ilichoweza ni kujibu ujumbe ule tu, maana kuujibu kulikuwa bure.

Asubuhi mama alikuwa amemwomba amshike mkono hadi bafuni, goti lilikuwa linamsumbua.

"Mama, leo tunazindua," alijibu huku akivaa viatu. "Ningoje nirudi mchana."

"Haya," mama alikubali. Wote wawili walijua kwamba mama hakuwa mtu wa kungoja.

Sasa kila alipoendesha majaribio yalifika kwenye uthibitisho yakafeli. Jana yake alikuwa ameugusa ukurasa ule, kwa hiyo alijua mchawi ni yeye mwenyewe. Akarudisha kitufe mahali pake. Nyekundu. Akaongeza muda wa kusubiri. Nyekundu. Mkuu wa kitengo, ambaye walimbandika jina la Subira kwa sababu hakujaliwa nayo, alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mama yako anajibu?"

"Anajibu. Majibu yanaingia, nayaona yakihesabiwa. Mfumo ndio unayakataa."

"Basi tengeneza mfumo. Wateja wameshakaa ukumbini. Kama umeshindwa, sema nimtafute mwingine."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alifuta yote aliyoyaandika jana, akayaandika upya, machozi yakimlengalenga, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo kama mtahiniwa ambaye hakusoma. Akaendesha tena. Usajili, kijani. Daktari, kijani. Uthibitisho ukakaa, ukakaa. Kijani.

Ofisi nzima ilipiga makofi. Subira alimgonga begani, akakimbilia ukumbini. Yeye alibaki kitini, moyo haujatulia. Hakujua ni badiliko lipi lililoponya, na ugonjwa usiojulikana dawa yake hurudi. Akafungua majibu yenyewe, ambayo hakuwahi kuwa na haja ya kuyasoma kwa kuwa siku zote yalikuwa namba moja tu.

"Mwanangu nimeteleza bafuni."

"Jibu halitambuliki. Tuma 1 kuthibitisha."

"Siwezi kuinuka. Njoo."

"Jibu halitambuliki. Tuma 1 kuthibitisha."

"Kitindamimba wangu nasikia baridi."

"Jibu halitambuliki. Tuma 1 kuthibitisha."

"1"

Viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza hakuvikumbuka. Alishuka ngazi peku, akiipigia ile simu ya kazi ya mama, na simu ikaita bila kupokelewa. Ndani ya teksi aliipiga tena. Safari hii haikuita kabisa, chaji ilikuwa imekwisha. Dereva alimuuliza kama kuna msiba, naye akamwambia akaze mwendo.

Mlango wa bafuni ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala sakafuni, shavu kwenye vigae, nguo imelowa, mguu umepinda vibaya. Simu ilikuwa bado mkononi. Mwanawe alipopiga magoti na kumuinua kichwa, mama alifumbua macho polepole, akamtazama kwa wasiwasi kama mfanyakazi anayehofia kukaripiwa.

"Moja nimetuma," alisema kwa sauti ndogo. "Haikufika?"

"Imefika, mama," alisema, na kilio kikamshinda. "Ndiyo peke yake iliyofika."