Afisa wa Kubadilishana Vituo

Kwa miaka mitatu Mwalimu Makrina alifundisha Mnero huku mumewe, Methodius, akiwa nesi Ruangwa, ndoa yao ikiishi kwenye simu. Hatimaye akampata Mwalimu Teodosia wa Nkowe, huko huko Ruangwa, ambaye mama yake alikuwa anaugua Mnero. Wakakubaliana kubadilishana vituo. Kilichobaki ni barua tu.

Hapo ndipo mtu aliyejiita Afisa Brighton alipotupia kiungo kwenye kundi la WhatsApp la walimu: fomu ya uhamisho, ijazwe ndani ya saa mbili. Haraka hiyo ya nini, Makrina hakujiuliza. Hakuona kwamba anwani haikuishia na go.tz kama zile za serikali. Fomu ilipomwomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, akazitoa kama anayempa jirani chumvi. Mchana haujafika, WhatsApp yake ikawa mikononi mwa mwizi, naye mwizi akamwandikia Teodosia kwa jina la Makrina: "Dada, jaza na wewe, tusichelewe." Teodosia akajaza mpaka namba ya siri ya benki, na fedha za matibabu ya mama yake zikaondoka zote.

Makrina alipompigia kumweleza, Teodosia alisema, "Mwizi mkubwa wewe," akakata. Hakupokea tena.

Makrina akawaka moto. Kusamehe aliwaachia mapadri. Mwezi uliofuata kiungo kile kile kilirudi kwa namba mpya, naye akanunua laini nyingine, akajiita Mwalimu Bibie.

"Afisa, tarakimu hazijafika. Mtandao wa huku unasumbua," alimwandikia. Siku ya pili akamtumia tarakimu za uongo. Siku ya tatu akamwekea chambo: "Tuko walimu kumi na nane, wote tunataka kuhama. Ungekuja ungetujazia siku moja."

Tamaa haina macho. Jumamosi afisa akashuka kwenye bodaboda shuleni Mnero, tai shingoni, kishikwambi kwapani. Darasani walimu walikaa kwenye madawati kama wanafunzi. Teodosia, aliyepelekewa ujumbe kupitia mama yake baada ya Misa, alikaa nyuma, mikono kifuani.

Makrina akafunga mlango, akampa afisa chaki.

"Afisa, tuandikie anwani ya fomu yako."

Akaandika.

"Tusomee inavyoishia."

Akageukia mlango uliofungwa. Makrina akaligeukia darasa. "Walimu, fomu ya kweli inaomba tarakimu zinazoingia kwenye simu yako?"

"Haiombi," wakajibu kwa pamoja.

"Namba ya siri je?"

"Haiombi."

"Sasa andika: Mimi ni mwizi. Mara hamsini."

Polisi wawili aliowaita Makrina walikuwa barazani wanakunywa chai, wala hawakuwa na haraka. Jamaa alipochungulia dirishani akawaona, akaanza kuandika, shati limemganda mgongoni. Makrina alihesabu kila mstari. Alijisikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya harusi yake.

Teodosia akaja mbele, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuita mwizi bure."

"Yameisha, dada. Jumatatu tupeleke barua zetu."

Teodosia akatazama sakafu.

"Nilikuwa na hasira na wewe, Makrina. Nilitaka na wewe uumie. Nimeshabadilishana na mwalimu mwingine wa hapa Mnero. Barua imetoka juzi."

 Makrina akachukua kifutio, akafuta ubao wote, taratibu, kuanzia juu mpaka chini.

"Ulikuwa umefika thelathini na mbili," akamwambia yule mtu. "Anza upya."